SOMO: Waalimu Waende kwa Mbunge Lini, na Nani?

Ndugu wafanyakazi,

Somo letu ni namna waalimu wanavyoweza kumshawishi mbunge alitetee somo la Maarifa ya Jamii, lile ambalo watoto wetu huliita SST. Tusiseme hayo ni ya waalimu peke yao. Humo mtoto hujifunza serikali ni nini, kodi inakwenda wapi, Katiba inasema nini. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 1995 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Wengi wetu tulikisikia mara ya kwanza kiwandani, siku mwenzetu alipofukuzwa. Tungalikijua tangu shuleni, tusingalinyamaza.

Tukumbuke yaliyopita. Mwaka 2022 serikali iliongeza mishahara ya waalimu wa sayansi. Mwalimu wa sekondari mwenye digrii ya sayansi alipangiwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa historia au jiografia akabaki karibu na milioni 1. Chama cha waalimu, UNATU, kikaanza mgomo tarehe 15 Juni. Madai yalikuwa ya haki. Lakini Bunge lilikwisha pitisha bajeti mwezi wa Mei, nayo ilisomwa tarehe 14 Juni. Waalimu walifika chakula kimekwisha pakuliwa. Juni 2025 waalimu wa masomo ya sanaa wa sekondari waligoma tena, na bajeti ilikuwa imekwisha pita vile vile.

Jumapili moja tuliketi na waalimu kadhaa karibu na maghorofa ya Bugolobi. Walilalamika kwamba walimwandikia mbunge, naye hakujibu. Tukaomba kuiona nakala ya barua. Ilikuwa na madai 11 na sahihi 3. Mzee mmoja wa kiwandani akasema: "Waalimu wangu, hata mimi nisingejibu." Tukacheka wote, kisha tukaanza kazi. Haya ndiyo tuliyokubaliana:

1. Dai liwe moja. Kama ni vitabu vya SST, semeni vitabu. Kama ni mshahara, semeni mshahara. Mwenye madai 11 hupewa ahadi 11.

2. Wakati. Mpango wa kwanza wa bajeti hufika Bungeni kufikia tarehe 31 Desemba. Makadirio hufika kufikia 1 Aprili, na Bunge huyapitisha kufikia 31 Mei. Basi nendeni kati ya Desemba na Aprili. Juni mmechelewa.

3. Sheria. Kifungu cha 4 cha Katiba kinaitaka serikali ihakikishe Katiba inafundishwa katika shule na vyuo vyote. Hamwombi hisani, mnadai linalopasa.

4. Watu. Mwalimu asiende peke yake. Waende naye wazazi wa kiwandani na wa mashamba ya chai na miwa, maana hao ndio wapiga kura. Tena Bungeni wamo wabunge 5 wa wafanyakazi. Hao ni wetu; tuwatume.

5. Njia. Mbali na mbunge wa jimbo, iko Kamati ya Bunge ya Elimu na Michezo. Maombi rasmi huandikwa kwa Spika, yakatiwa sahihi, na mbunge akayawasilisha Bungeni.

6. Kufuatilia. Andikeni alichoahidi na tarehe aliyoahidi. Rudini siku hiyo, mkiwa wengi kuliko mara ya kwanza.

Ndugu zetu, sisi tulioishia shule ya msingi twajua gharama ya kutojua. Mtoto wa kibarua asipofundishwa namna nchi inavyoendeshwa, atafundishwa na mwajiri.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Mbunge wetu ni nani, na mara ya mwisho tulimwona lini?
2. Waalimu wa watoto wetu wangechagua dai gani moja?
3. Nani kati yetu atakwenda nao kabla ya Aprili?

Umoja ni nguvu.