Jicho la Kwanza: Mafunzo Yampasayo Mwenye Kushika Nyamapori



Tangu kutungwa kwa Kanuni za Uuzaji wa Nyamapori za mwaka 2020, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mwananchi aweza kununua kitoweo hicho katika bucha lililosajiliwa, mchana, bila kificho. Hili ni jambo jema. Hata hivyo, uhalali wa nyama ni jambo moja na usalama wake ni jambo jingine. Somo la toleo hili lahusu usalama huo, na hasa mtu ambaye umo mikononi mwake kabla ya mwingine yeyote, yaani mwindaji.

Tofauti ya ng'ombe na nyumbu

Ng'ombe apelekwapo machinjioni hukaguliwa mara mbili. Kwanza hutazamwa akiwa hai: anavyotembea, anavyopumua, na kama ana homa au jeraha. Baada ya kuchinjwa, mkaguzi hupasua matezi na kuchunguza maini, mapafu, moyo na bandama.

Nyumbu hana machinjio. Hupigwa porini, hupasuliwa hapo hapo, na matumbo yake huachwa kwa fisi na tai. Nyama ifikapo kwa mkaguzi wa wilaya, nusu ya ushahidi imekwisha kupotea. Mkaguzi hawezi kujua kama mnyama yule alikuwa akiyumba au alikuwa amejitenga na kundi. Lililo zito zaidi, huenda asijue kama alipigwa risasi au alikutwa amekwisha kufa. Kibudu kilichochunwa na kukatwa vipande hufanana mno na nyama njema.

Kwa hiyo jicho la kwanza la ukaguzi ni la mwindaji. Leseni humpa haki ya kuwinda, lakini haimpi ujuzi wa kulisha watu. Ujuzi huo hupatikana kwa mafunzo.

Wenzetu wamelitatuaje?

Tatizo hili si letu peke yetu. Nchini Uingereza wapo wawindaji wa kulungu wa Ulaya, wanyama wenye pembe za matawi, ambao nyama yao huuzwa madukani na hotelini. Kanuni ya Ulaya Na. 853 ya mwaka 2004, ambayo Uingereza iliifuata tangu ilipoanza kutumika mwaka 2006, iliweka sharti la kuwapo mtu aliyefunzwa. Awindaye ili nyama ipelekwe sokoni hana budi kujua maumbile na mwenendo wa kawaida wa mnyama, dalili za ugonjwa, usafi wa kupasua na kusafirisha, pamoja na sheria zinazohusika. Watu wakiwinda kwa kundi, yatosha mmoja wao awe na elimu hiyo, mradi awepo.

Wawindaji wengi huko husomea cheti chenye ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ina mtihani wa maandishi, utambuzi wa wanyama, usalama wa bunduki, shabaha, na usafi wa nyama. Katika ngazi ya pili mwindaji hupimwa kwa vitendo, akiwa kazini porini mbele ya shahidi anayetambuliwa.

Baada ya kumchunguza mnyama, mwindaji aliyefunzwa hufunga kwenye mzoga hati yenye namba, ikieleza tarehe, saa na mahali mnyama alipouawa, na kwamba hakuona kasoro yoyote. Iwapo hapakuwa na mtu aliyefunzwa, kichwa na viungo vya ndani, isipokuwa tumbo na utumbo, sharti viandamane na mzoga hadi kwa mkaguzi. Mantiki yake ni wazi: asipokuwapo shahidi mwenye elimu, mzoga lazima ufike na ushahidi wake.

Mambo manne ya kujifunza

1. Kutazama kabla ya kupiga. Mnyama anayechechemea bila sababu, anayetokwa na mate mengi, aliyekonda kupita kiasi au asiyeogopa watu si wa kupelekwa sokoni. Jambo hilo litolewe taarifa.

2. Kupasua kwa usafi. Matumbo yatolewe mapema iwezekanavyo, bila kuyatoboa. Risasi ikipita tumboni, uchafu husambaa katika nyama, na maji ya kuoshea huueneza zaidi. Sehemu iliyochafuka ikatwe na kutupwa. Vilevile nyama iliyozunguka jeraha iondolewe kwa upana. Neno risasi katika lugha yetu lina maana mbili, nazo zote zahusika hapa: kitu kilichomuua mnyama aghalabu kina madini ya risasi ndani yake, na chembe zake ndogo, zisizoonekana kwa macho, ni sumu hasa kwa watoto.

3. Kusoma viungo vya ndani. Bandama iliyovimba, maini yenye vidonda, mapafu yenye vinundu au matezi yenye usaha ni sababu za kusimamisha kazi. Kwa ngiri na nguruwe pori, kumbuka mabuu ya minyoo yawezayo kujificha ndani ya misuli. Nyama yao ipikwe hadi iive kabisa.

4. Kupoza. Kanuni ya Ulaya yataka nyama ya mnyama mkubwa ipoe hadi nyuzi joto 7 au chini yake, na hukataza mizoga kurundikwa wakati wa kusafirishwa. Katika joto letu haja hiyo ni kubwa zaidi. Nyama itundikwe kivulini ipate hewa, isifungwe kwenye nailoni ingali na moto, na safari ya kwenda kwenye jokofu isicheleweshwe.

Kimeta: pale ambapo kisu hakitumiki

Liko jambo moja ambalo mwindaji asiyefunzwa aweza kulipa kwa uhai wake. Mnyama akikutwa amekufa ghafla, amevimba haraka, na damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, huenda ni kimeta. Mnyama huyo hapasuliwi kwa hali yoyote. Kisu kikifungua mzoga, vimelea hukutana na hewa na kujenga ganda gumu, kisha huweza kudumu katika udongo kwa miongo mingi, vikisubiri mifugo ije kulisha hapo.

Mwaka 2016 ugonjwa huo ulizuka katika Wilaya ya Monduli na kuwapata nyumbu, mifugo na watu. Katika mbuga ambamo wote hao hukanyaga ardhi moja, kosa la kisu kimoja ni kosa la wengi.

Zuia watu, mbwa na mifugo wasisogee, kisha toa taarifa kwa Afisa Mifugo. Kuchoma au kufukia mzoga kwa kina hufanywa chini ya usimamizi wa wataalamu. Aliyegusa mzoga kama huo, akiota kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kimeta hutibika kwa dawa kikiwahiwa.

Nini kitakiwe kwa nani

Mwindaji awe na leseni, na ajue mambo manne yaliyoelezwa hapo juu. Muuzaji awe na bucha lililosajiliwa, apimwe afya kama watoa huduma wengine wa chakula, na aweze kuonyesha nyama yake ilikotoka. Mnunuzi naye ana wajibu wa kuuliza swali moja: nyama hii imekaguliwa na nani? Nyamapori isiyo na kibali ni nyara ya Serikali, na pia ni nyama ambayo hakuna aliyeishuhudia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mkaguzi wa bucha hawezi kuziba pengo la mwindaji asiyefunzwa?
2. Taja dalili tatu za kimeta zionekanazo bila kumpasua mnyama.
3. Risasi imepita tumboni. Ni nini kifanyike, na ni nini kisifanyike?

Atakayeshindwa kujibu swali la pili asisubiri msimu wa uwindaji. Na afike kwa Afisa Mifugo wa kata yake, aelezwe kabla hajanoa kisu.