Ngozi kwanza, rangi baadaye: maswali ya wanaotaka kusomea urembo Kilombero

Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, kadi za michango zinaanza kutembea. Kuanzia Juni ni nadra Jumamosi kupita Ifakara bila sendofu, kicheni pati au ndoa, na kila bibi harusi anamtafuta mtu wa kumpamba. Mabinti wanaotaka kazi hiyo, wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba na hata ng'ambo ya mto upande wa Mahenge, wana maswali yanayofanana. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne na mekapu nimejifunza kwenye simu. Naona wenzetu wa Marekani wana leseni ya kazi ya ngozi. Kwetu inatolewa wapi?

Marahaba mwanangu. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. California inataka saa 600 za mafunzo ya ngozi, Texas 750, kisha mtihani. Ukifaulu, leseni ni yako wewe, na popote unapofanya kazi ndani ya jimbo hilo unakwenda nayo.

Kwetu kuna karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni cheti cha ufundi stadi, ambacho kina ngazi ya 1 hadi ya 3. Hicho kinasema umefundishwa na umepimwa. Ya pili ni leseni ya biashara, unayoipata halmashauri baada ya kuchukua namba ya mlipa kodi TRA. Hiyo inahusu biashara, haihusu mikono yako. Nimeona saluni zenye leseni iliyowekewa fremu nzuri ukutani na wembe mmoja unaozunguka kwa wateja wote. Wewe tafuta zote mbili, lakini anza na cheti.

Nisome hapa hapa au niende Morogoro?

Anza kuuliza karibu. Ifakara kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo vya aina hiyo vilivyoanza miaka ya 1970 enzi za Mwalimu Nyerere. Vyuo hivi vina pia mpango wa Elimu Haina Mwisho kwa mabinti waliokatisha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kwa hiyo mtoto mgongoni si sababu ya kukaa nyumbani. Kozi hubadilika, basi nenda mwenyewe ukaulize mwaka huu wanafundisha nini. VETA wapo Mikumi na Kihonda, Morogoro mjini. Huko nako piga simu kwanza, maana si kila chuo cha VETA kina kozi ya saluni na urembo.

Vyuo vya watu binafsi ni vingi na baadhi ni vizuri. Kabla hujatoa hela, omba uonyeshwe usajili wa NACTVET. Halafu ingia darasa la vitendo uangalie kama kuna maji yanayotiririka. Chuo cha ngozi kinachonawa kwenye ndoo moja kutwa nzima, mimi nisingempeleka mdogo wangu.

Nina saluni yangu miaka mingi, nilifundishwa na dada mmoja mtaani. Nirudi tena darasani na watoto?

Si lazima, dada yangu. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa vitendo na kwa maswali, unaonyeshwa mapengo yako, unaelekezwa, kisha unapewa cheti. Wengi wa rika letu tulijifunzia kwenye kigoda cha mtu, na si aibu. Jiandae tu kwa maswali ya usafi na ya kemikali, kwa sababu hayo ndiyo huwaangusha mafundi wazoefu. Kusuka na kutinda nyusi hakuwasumbui hata kidogo.

Mimi nataka mekapu tu. Kwa nini nisome habari za ngozi?

Kwa sababu rangi unaipaka juu ya kitu, na kitu hicho kina maradhi yake.

Chukua mkorogo. Mteja anakuja uso umeiva, mwekundu, mashavuni mishipa inaonekana. Kabla hujamuuliza lolote mwangalie vidole. Uso ukiwa mweupe na viungo vya vidole vimebaki vyeusi, umeshapata jibu. Ndani ya mikorogo kuna mambo matatu ya kuyajua kwa majina. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikitumiwa muda mrefu huacha madoa ya bluu-nyeusi ambayo kuyaondoa ni kazi kubwa. Zebaki huingia mwilini na kuumiza figo, na mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Steroidi, zile krimu za dawa zinazouzwa kama vipodozi, hukondesha ngozi na kuleta chunusi na vinyweleo. Zote tatu zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na tangu 2019 anayesimamia vipodozi ni TBS, kazi iliyokuwa ya TFDA.

Sasa ukiichukua ngozi kama hiyo ukaisugua kwa skrabu na kuipiga mvuke ili ing'ae siku ya harusi, utaichubua kabisa. Fundi aliyesoma anafanya kidogo: anasafisha kwa kitu laini, anapaka mafuta ya kulainisha, anampamba kwa tabaka jepesi, na anamwambia ukweli faraghani, mama mkwe asisikie. Mteja akiwa ametumia krimu za steroidi kwa muda mrefu, asizikatishe ghafla kwa ushauri wa saluni. Aende hospitali, na Ifakara ya Mtakatifu Fransisko ipo hapo hapo mjini.

Na wewe usiuze mkorogo. Najua faida yake. Usiuze.

Mteja wangu ana ualbino. Nimfanyie nini?

Mvuke na skrabu kali acha. Mafuta ya kukinga jua yatangulie kila kitu, kisha faundesheni inayolingana na ngozi yake, si ya kumfanya afanane na dada zake. KCMC kule Moshi wanatengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino, kwa hiyo muulize kliniki yake kama yanafika. Ukiona kidonda kisichopona sikioni, mdomoni au shingoni, usikifunike kwa konsila. Hiyo inaweza kuwa saratani, na ikiwahiwa inatibika.

Vifaa vyangu navifuta kwa spiriti. Inatosha?

Haitoshi kama hujaosha kwanza. Uchafu na mafuta huwakinga vijidudu. Chuma kama mkasi na koleo la nyusi osha kwa sabuni na brashi, suuza, kisha loweka dakika 10 kwenye maji ya klorini. Jik ya asilimia 3.5 unachanganya sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Soma chupa, kwa kuwa nguvu hutofautiana, na changanya mpya kila siku. Zikipita dakika 10 toa, suuza, kausha, la sivyo chuma kitaota kutu. Kifaa kilichotoa damu kinahitaji zaidi ya hapo: kitakaswe kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi joto 121 kwa dakika 15. Wembe ni wa mtu mmoja na mara moja, basi. Homa ya ini aina B huambukiza kwa damu kidogo mno, kwa hiyo na wewe fundi kachanje.

Kwenye mekapu makosa ni yale yale kila saluni. Usipulize brashi kwa mdomo. Rangi ya mdomo ikwangue kwa kijiti uiweke kwenye kibao, usimpake mteja moja kwa moja na ile uliyompaka mwenzake. Brashi ya kope ikishagusa jicho isirudi kwenye kichupa. Januari 2024, macho mekundu yalipoenea nchini, waliokuwa na kichupa kimoja kwa wateja wote walikuwa wanagawa ugonjwa kwa malipo.

Joto la Ifakara linayeyusha mekapu kabla ya misa kuisha. Nifanyeje?

Punguza. Watu hudhani dawa ya jasho ni kuongeza poda, kumbe tabaka nene ndilo linalokatika. Paka faundesheni kidogo, bonyeza kwa sponji badala ya kusugua, weka poda penye mafuta tu: paji, pua, kidevu. Mpe bibi harusi karatasi laini ya kukandamizia jasho, na msimamizi wake aambiwe asifute.

Rangi ijaribie kwenye taya, mlangoni penye mwanga wa mchana. Taa za saluni zinadanganya, na uso mweupe juu ya shingo nyeusi hauna pa kujificha kwenye picha.

Mimi ni mwanaume. Wateja watanikubali?

Wapo wanaume wanaopamba maharusi Dar es Salaam na wana foleni. Huku kwetu awepo dada chumbani, mlango usifungwe, na hapo kazi yako itajisemea.

Mtaji nautoa wapi, na miezi isiyo na harusi nitakula nini?

Kwaresima huangukia karibu na masika. Jimbo la Ifakara lina Wakatoliki wengi, ndoa husimama, barabara za vijijini zinateleza, na hela ya mpunga imeshaisha. Miezi hiyo isikukute na mkoba wa mekapu peke yake. Anayejua kusafisha uso, kutinda nyusi na kutunza miguu ana mteja hata Machi. Hiyo nayo ni sababu ya kusoma ngozi.

Mtaji usiuanzie kwa wakopeshaji wa mtaani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana hukopeshwa kwa vikundi, kwa hiyo tafuta wenzako mnaoaminiana, mkajiandikishe, kisha mumwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Na mkiandika bajeti, beseni, klorini na taulo ziwe juu ya orodha, kabla ya paleti za rangi.