Kukata kable ya freni: tuchague chombo gani?

Ndugu wanachama, huku kwetu Luano mahindi, mboga na makala vinafika Lubumbashi juu ya kinga. Mzigo ukiwa mzito, freni ndiyo uhai wa mtu. Na kable iliyokatwa vibaya haikawii kuharibika.

Kable ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Koleo la kawaida linaziponda tu: zinafumuka, hazipiti tena ndani ya ganda. Kinachofaa ni koleo la kukatia kable, ambalo meno yake yanaizunguka na kuikata pande zote mara moja. Kama halipo, tindo kali juu ya chuma kigumu, pigo moja la nyundo.

Tufanye hivi:

1. Ganda la nje: kabla ya kukata, ingiza ndani kipande cha kable ya zamani, lisibonyee. Kisha sawazisha ncha kwa tupa na fungua tundu kwa msumari.

2. Kable: pitisha, kaza, jaribu freni kwanza. Ndipo ukate, ukiacha sentimita 4 au 5.

3. Ncha: vika kikofia chake, ukibane kwa koleo la kawaida.

Koleo hilo si lazima kila mtu anunue lake. Ushirika ununue moja, likae kwa mtunza vyombo, na lisikate misumari hata siku moja. Likibutuka, tumerudi pale pale.

Na kable ikionyesha uzi mmoja tu umekatika, usipakie mzigo: ibadilishe.