Kijana Aliye Chini ya Probesheni

Somo: Waraka wa Paulo kwa Filemoni



Neno "probesheni" hutajwa mara nyingi katika mazungumzo yetu baada ya ibada, na mara nyingi hutajwa kwa hasira. Mtu husema, "Yule kijana aliiba, akapelekwa kortini, na kesho yake tukamwona dukani ananunua mkate. Hakimu amemwachilia." Maneno haya yana uchungu ndani yake, wala si ajabu. Katika miaka ya karibuni vikundi vya vijana wenye mapanga vimetia watu hofu Kisauni, Likoni na mahali pengine hapa Mombasa, na aliyeibiwa hana raha. Hata hivyo si kweli kwamba kijana aliye chini ya probesheni ameachiliwa. Amefungwa kwa masharti, na masharti hayo huyatimiza nyumbani kwao, mbele ya macho yetu. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kumrekebisha imo mikononi mwetu sisi majirani. Hilo ndilo jambo la kujifunza mwezi huu.

1. Kazi hii ilianzia wapi

Wengi hudhani probesheni ni jambo la serikali tu. Lakini huko Uingereza mizizi yake imo katika Kanisa letu la Anglikana. Mwaka 1876 mpiga chapa mmoja jina lake Frederic Rainer alihuzunika kuona watu maskini wakiletwa kortini kwa ulevi, wakifungwa, wakitoka, kisha wakirudi kortini tena na tena. Aliwaandikia wakuu wa Chama cha Kanisa cha Kupinga Ulevi akawatumia shilingi 5, akiomba waanze kazi ya kuwasaidia watu hao kortini. Chama kikamweka George Nelson, aliyekuwa askari zamani, awe mmisionari wa kortini huko Southwark, London. Wamisionari hao walisema na mahakimu, wakaomba wapewe watu wa kuwaangalia, wakawatembelea nyumbani na kuwatafutia kazi. Mwaka 1907 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya probesheni, na afisa akaagizwa amshauri mkosaji, amsaidie na awe rafiki yake.

Hapa Kenya sheria ya probesheni ilitungwa mwaka 1943, na kazi yenyewe ikaanza mwaka 1946. Basi tunapozungumza habari ya probesheni tunazungumza habari ya mmea uliopandwa na Wakristo wa parishi, watu kama sisi.

2. Mtoto mbele ya sheria

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Aliyefika 12 lakini hajafika 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua mema na mabaya, mpaka mahakama ionyeshwe vinginevyo. Mtoto hafungwi jela. Hakimu ana njia nyingine: aweza kumwachilia kwa onyo, kumkabidhi kwa mtu anayefaa, kumpeleka shule ya urekebishaji, na kwa vijana wakubwa kidogo kuna borstal kama ile ya Shimo la Tewa. Miongoni mwa njia hizo imo amri ya probesheni.

3. Afisa huchunguza kwanza

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 15 ameshikwa na wenzake wawili wakiiba betri ya tuktuk ili wakaiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Amekiri kosa. Kabla hakimu hajaamua, humwagiza afisa wa probesheni amletee ripoti. Afisa hufunga safari mpaka nyumbani kwa kijana. Huzungumza na mama, baba au nyanya anayemlea. Huenda shuleni aulize aliacha lini na kwa nini. Humwona chifu au mzee wa mtaa. Humwendea na mwenye tuktuk, kwa maana naye ana neno la kusema: amekosa mapato siku kadhaa na amenunua betri nyingine.

Hapa ndipo kazi yetu inapoanza, tena mapema kuliko tunavyodhani. Afisa akija kukuuliza habari za kijana wa jirani, sema kweli. Usimfiche kwa sababu ni mtoto wa rafiki yako, wala usimzidishie maovu kwa sababu ulikosana na mama yake. Ripoti ya uongo humdhuru hakimu, humdhuru kijana, na mwisho hutudhuru sote.

4. Masharti ya amri

Hakimu akikubali, hutoa amri ya probesheni isiyopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Yampasa amweleze kijana kwa lugha nyepesi maana ya amri hiyo, na kumwuliza kama yuko tayari kuitii. Masharti huwa kama haya: kufika kwa afisa siku alizopangiwa, kukaa mahali palipokubaliwa, kutohama bila kutoa habari, kurudi shule au kujifunza kazi, kujitenga na marafiki waliomwingiza katika kosa, na kutotenda kosa jingine. Akiyavunja, aweza kurudishwa mbele ya hakimu, na hapo lile kosa la kwanza laweza kuamuliwa upya. Kesi ya betri haijatupwa. Imewekwa kando ikimngojea.

Kuna watoto ambao nyumba zao haziwezi kuwapokea, ama kwa ugomvi, ama kwa ulevi, ama kwa kuwa hakuna mtu. Kwa hao Idara ya Probesheni ina mabweni machache, kama lile la wavulana la Shanzu hapa kwetu na lile la wasichana la Nakuru. Hukaa huko kwa muda, wakisoma au wakifundishwa kazi ya mikono, kisha hurudi kwao.

5. Uangalizi wenyewe

Afisa mwema hafanyi kazi ya polisi wala hafanyi kazi ya mjomba anayependelea. Kwanza hupima: ni nini kilichomtia kijana huyu katika wizi? Njaa? Bangi au miraa? Uvivu? Wenzake? Kisha huandika mpango pamoja naye. Mwanzoni humwita mara kwa mara, labda kila juma. Akiona anaendelea vizuri, humpa nafasi zaidi. Humtembelea nyumbani bila kutoa taarifa, huuliza shuleni kama anahudhuria, hukaa na wazazi na kuwaonyesha jinsi ya kuweka kanuni za nyumbani zisizobadilika kila siku. Kijana akifanya vizuri sana, afisa aweza kuiomba mahakama ifupishe muda.

Aweza pia kuwakutanisha kijana na aliyemkosea. Kijana wetu wa mfano aweza kukaa mbele ya mwenye tuktuk, asikie kwa masikio yake hasara aliyomtia, aombe radhi, na kukubali kulipa kidogo kidogo au kwa kazi ya mikono yake. Kwa vijana wengi jambo hili ni gumu kuliko kiboko. Kiboko huumiza kwa dakika chache, lakini kumtazama usoni mtu uliyemwibia hukumbukwa.

6. Tabia hubadilikaje

Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu tuliwaambia walimu vijana kwamba hakuna mtoto anayeacha tabia na kubaki mtupu. Ukimwambia "usiende kijiweni" bila kumwonyesha pa kwenda, utamkuta kijiweni. Saa zilizokuwa za wizi sharti zipate kazi nyingine: shule, karakana, mpira, kwaya.

Jambo la pili ni hatua ndogo. Kijana asiyeamka kabla ya saa nne hawezi kuwa fundi hodari juma lijalo. Kwanza aamke. Kisha afike mahali pa kazi. Kisha afike kwa wakati. Kila hatua isifiwe, kwa maana kijana aliyezoea lawama husahau kwamba aweza kufanya vema.

Jambo la tatu ni kwamba kuteleza si kuanguka moja kwa moja. Wengi hukosa kufika siku moja, au huonekana tena na marafiki wa zamani. Afisa mwenye busara huonya mapema, kabla jambo dogo halijawa kubwa. Udongo uwahi ungali maji. Lakini onyo lifuatwe na tendo. Kumtishia kijana kila siku bila kufanya lolote ni kumfundisha kwamba maneno yetu hayana uzito.

7. Fungu letu

Tuhesabu pamoja. Juma lina saa 168. Afisa mwenye vijana wengi wa kuangalia hupata labda saa moja ya kukaa na kijana mmoja. Saa 167 zilizobaki ni za nani? Ni za nyumbani, njiani, dukani, shuleni na kanisani. Kijana akiitwa "mwizi" kila apitapo, fundi akikataa kumpokea, na mama yake akinyamaziwa na wenzake wa Mothers' Union, basi watu pekee watakaomchekea ni wale walioiba naye. Hapo sisi wenyewe tutakuwa tumemrudisha kwao.

Na tuseme wazi jambo jingine. Wako kati yetu wanaosema kwamba dawa ya mwizi ni tairi na petroli. Mkristo hana ruhusa hiyo. Anayeshangilia mtu akichomwa ameshiriki katika kuua, hata kama hakushika kiberiti. Na aliyeibiwa ana haki ya kusikilizwa, lakini hasira ya umati haimrudishii betri yake.

Katika somo letu Onesimo alikuwa amemtoroka bwana wake, na yaelekea alimtia hasara. Paulo hakumficha, alimrudisha. Lakini hakumrudisha mikono mitupu: alimpa waraka wa kumshuhudia. Tena alijitolea kulilipa yeye mwenyewe deni lolote la Onesimo, na akamwomba Filemoni ampokee kama ndugu. Kumrudisha, kumshuhudia kwa kweli, kulishughulikia deni, na kumpokea: haya manne ndiyo probesheni ikifanywa vizuri.

Basi parishi yaweza kufanya nini? Mafundi walio katika KAMA, wa seremala, ushonaji au magari, wampokee kijana mmoja mmoja kujifunza kazi. Akina mama wa Mothers' Union wamtembelee mama wa kijana, kwa maana aibu humfungia ndani. KAYO wamkaribishe mazoezini bila kumhoji. Mtu mzima mwenye subira aweza kwenda ofisi ya probesheni kuuliza habari za kujitolea, kwa kuwa Idara hutumia pia wasaidizi wa kujitolea. Lakini tuangalie sana: sheria inakataza kutangaza jina la mtoto aliye na kesi. Kwa hiyo tusimtaje kwa jina kanisani, hata katika maombi. Mungu anamjua tunayemwombea.

Si kila kijana atabadilika, na wengine watatuvunja moyo. Lakini hatukuambiwa tumpokee ndugu kwa sharti kwamba atafaulu. Tufanye fungu letu kwa uaminifu, saa zile 167.

Maswali ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani

1. Soma waraka wa Filemoni wote. Paulo alimwomba Filemoni afanye nini, naye Paulo aliahidi nini?
2. Kwa nini afisa wa probesheni humtembelea aliyeibiwa pia? Sisi humjali jinsi gani mtu huyo katika parishi yetu?
3. Afisa akija kukuuliza habari za kijana wa jirani yako, ni jambo gani laweza kukuzuia kusema kweli?
4. Taja kazi moja au ujuzi mmoja ulio nao ambao ungeweza kumfundisha kijana mmoja. Nini kinakuzuia kuanza?
5. Kuna kijana ambaye mmezoea kumwita kwa jina la kosa lake? Kubalianeni leo kumwita kwa jina alilobatiziwa, au lile alilopewa na wazazi wake.