MUMIANI: ASILI YA NENO NA ASILI YA HOFU

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu yetu mmoja wa Makurunge ametuletea suali. Anasema ya kuwa gari la wageni likionekana wakati wa magharibi katika njia ya Saadani, watoto huitwa ndani, na vijana husimama njiani wameshika fimbo, wakinena, "Hao ni mumiani." Naye auliza: mumiani ni nani, na Mwislamu aamini nini katika jambo hili?

Jawabu. Jua, ewe ndugu, ya kuwa mumiani hapo kwanza si mtu, bali ni dawa. Asili ya neno ni Kiajemi, mum, na maana yake ni nta. Katika nchi ya Fars, pande za Darabjird, hutoka mwambani kitu cheusi mfano wa lami, nacho kimetajwa na matabibu wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa mmoja wao, kuwa ni dawa ya mifupa iliyovunjika na ya maumivu. Ilikuwa adimu na ghali, na kila kilicho adimu na ghali watu hukitafutia badala.

Badala yake ikapatikana Misri. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyefariki mwaka 629 wa Hijra (1231), aliona watu wakitoa kitu cheusi ndani ya maiti za kale na kukiuza kwa jina lile lile. Mwenyewe alinunua vichwa vitatu vilivyojaa kitu hicho kwa nusu dirhamu. Wazungu walipoitaka dawa hii walipita mpaka, wakaisaga maiti yenyewe. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliikataa kwa maandishi mwaka 1582, walakini hatta katika miaka ya 1700 maduka ya dawa ya Ulaya yalikuwa yakiuza unga wa maiti. Basi mzee wa pwani aliyenena ya kuwa Wazungu hufanya dawa kwa mwili wa mwanadamu hakusema uwongo mtupu. Alikosea zama na mahali tu.

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yataja maana zote mbili: gundi nyeusi iletwayo kutoka Uajemi, na itikadi ya wengi ya kuwa ni damu ya watu waliouawa, iliyogandishwa.

Na kwa nini itikadi hiyo ikashika mizizi kwetu? Mimi naona ya kuwa Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, na macho ya wazee wetu yaliona watu wakishuka hapa katika minyororo, wakapakiwa chomboni, wasirudi tena. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia mkono mkataba wa kukomesha biashara ile baharini, lakini hofu haikukomeshwa kwa mkataba. Kisha zikaja serikali za kigeni, na waganga wao wakawatoa watu damu kwa sindano bila ya kuwaeleza sababu. Zikaja na motokari nyekundu za kuzima moto, na watu wakasema wekundu ule ni wa damu. Mombasa, mwaka 1947, kundi la watu lilivamia kituo cha wazima moto kwa ajili ya khabari hiyo.

Wala ujinga huu si wa nchi moja. Huko Serbia, mwaka 1725 na tena mwaka 1732, watu walifukua makaburi wakiwadhani maiti kuwa hutoka usiku kunyonya damu, kwa kuwa waliwaona wamevimba na midomo ina majimaji mekundu. Maiti huweza kuwa hivyo ikioza. Malkia Maria Theresa alipiga marufuku kitendo hicho mwaka 1755. Na Waarabu wa Jahiliya walidai ya kuwa aliyeuawa hutokwa na ndege kichwani, aitwaye hama, akilia kwa kiu hatta damu yake ilipwe. Mtume wetu (s.a.w.) aliikanusha hama katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Limekwisha kanushwa tangu hapo, ndugu yangu.

Lakini laiti ingekuwa ni hadithi ya kutishia watoto tu! Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, walifika watafiti wawili wa chuo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, kuchukua udongo wa kupima. Ikapigwa kelele ya kuwa ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika, wakawaua wote watatu, wakawachoma moto. Hakuna tone la damu ya mwanakijiji lililomwagika siku ile; iliyomwagika ni damu ya wageni.

Sura ya Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, tukaja kujuta. Amri hiyo yawahusu hasa vijana wenye fimbo.

Amma damu itolewayo hospitali kwa ajili ya mgonjwa, wanazuoni wengi wa zama hizi wameijuzisha kwa dharura, mradi isiuzwe na isimdhuru mtoaji. Nasi twajua ya kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliumikwa.

Na gari likija magharibi, vijana waweke fimbo chini, watoe salamu, waulize jina na kazi, waombe kuona barua ya wilaya, kisha wawapeleke wageni kwa mtendaji wa kijiji. Wakikuta hawana barua, mtendaji ndiye wa kuita polisi.