Maonyesho ya shahada: Bujora au mjini?

SWALI: Nasomea uzamili wa sanaa, nyumbani ni Kisesa. Nimechora wachezaji wa ngoma za Kisukuma. Nionyeshe kazi zangu Makumbusho ya Bujora, au nikodi ukumbi Mwanza mjini?
Msomaji, Kisesa

JIBU: Anza na watazamaji. Ukitaka wanunuzi na waandishi wa habari, mjini kuna nafuu. Ukitaka watu watakaokuambia kwamba njuga umezichora kwenye mguu usiostahili, nenda Bujora. Pale, penye kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement miaka ya 1950, picha zako zitakaa jirani na ngoma za watemi zenyewe.

Wakati nao una uzito. Sikukuu ya Bulabo, karibu na sherehe ya Ekaristi Takatifu mwezi Juni, huleta umati kuwatazama wachezaji wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakishindana. Lakini umati huo unafuata ngoma, wala hautasoma maelezo marefu ukutani. Fungua siku chache kabla, ili wasahihishaji wa shahada yako wapate utulivu, kisha uache picha hadi sikukuu ipite.

Nenda ukakague ukumbi saa ileile utakayofungua. Jua linapiga wapi? Kama ukuta ni wa mviringo, haupokei fremu kubwa, hivyo tengeneza vibao vya kusimamisha. Uliza umeme, mlinzi, na nani anashika ufunguo. Ruhusa ipate kwa maandishi.

Mimi ningechagua Bujora, nikatenga nauli ya wasahihishaji mapema.