GPS ndani ya ndege ndogo

Katika fizika tulisoma mwendo wa nuru. Leo tuone kazi yake juu ya pori letu, ambalo lote linafanana.

Zamani piloti alikuwa na busole, saa na karte. Upepo ukimpotosha digri 5 tu, kisha kilometa 100 yuko karibu kilometa 9 pembeni ya njia, na mafuta yanapungua.

GPS inasikiliza satelite zilizo juu kilometa 20.200 hivi. Kila moja inatuma saa yake. Tatu zingetosha kuonyesha mahali, lakini ya ine inatakiwa, sababu saa ya chombo haiko sawasawa kabisa. Kosa la sehemu moja ya milioni ya segonde ni mita 300!

Kufunga chombo hiki si kukaza vis tu. Antene inakaa juu ya ndege ili ione mbingu. Tena busole inapimwa upya, maana umeme na chuma vya karibu vinaivuta. Mafundi wanageuza ndege uwanjani upande kwa upande, wanaandika tofauti kwenye kikaratasi kando yake. Busole ya nini tena? Umeme ukikatika katikati ya safari, yenyewe haizimiki.